Mombo–Lushoto–Mtae kwa baiskeli ya mbio: gia, tairi na breki

MkanyagaPedeli

Wakuu, habari za humu.

Mwisho wa mwezi wa saba tuko wawili, tunataka kupanda milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwa baiskeli za mbio. Mpango ulivyo sasa: tunashuka basi Mombo usiku na kulala hapo. Siku ya kwanza Mombo–Soni–Lushoto, jioni Irente. Siku ya pili Lushoto–Magamba–Lukozi–Mtae na kurudi Lushoto kulala. Siku ya tatu tunateremka Mombo, tukipitia Vuga, maana mwenzangu anapenda mambo ya kale kuliko anavyoipenda hiyo baiskeli.

Yangu ni fremu ya alumini, mbele 53/39, nyuma spidi 10 yenye meno 11-25, breki za kubana rimu, tairi 700x25. Nina kilo 78, na begi la nyuma ya siti kama kilo 5. Ya mwenzangu ina breki za diski zinazovutwa kwa waya, mbele 50/34, nyuma 11-32, tairi 28, na fremu yake inameza tairi hadi 38.

Naomba wenye uzoefu waniambie: gia zangu zitatosha? Tairi 25 zitafika Mtae? Na kule Vuga kuna nini hasa cha kuona?

KonaKali

Karibu mkuu. Nianze na gia, maana hapo ndipo watu wengi wanapoadhirika kabla hata ya kufika Soni.

Mombo iko kwenye mita 400 na ushee, Lushoto iko karibu na 1,400. Kwa hiyo unapanda kama mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Ukigawa unapata asilimia 3, unajisemea "kumbe rahisi". Hesabu hiyo inadanganya. Sehemu kubwa ya kupanda imebanwa kwenye kilomita 18 za kwanza, Mombo hadi Soni, ambako barabara inakwea kwenye korongo la mto bila kukupa mapumziko ya maana. Soni hadi Lushoto, kama kilomita 15, ni ya kupanda na kupumua. Halafu hata ndani ya hizo 18 kuna vipande vilivyolala na vingine vinasimama. Gia inachaguliwa kwa vile vinavyosimama.

Chukua gia yako nyepesi kuliko zote, 39 mbele na 25 nyuma. Tairi ya 700x25 mzunguko wake ni kama mita 2.1, kwa hiyo kila pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 3.28. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, ambayo tayari ni ya kujikongoja, unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Wewe, baiskeli, begi na maji mna jumla ya kilo 94 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 5 hapo unahitaji wati 180. Unazimudu. Kwenye asilimia 9 zinakuwa 300 na kidogo, na huwezi kupunguza, kwa sababu ukipunguza mizunguko inashuka hadi 45, magoti yanaanza kudai haki yao na baiskeli inayumba kulia na kushoto.

Ukiweka nyuma 11-32 ukaacha 39 mbele, mwinuko uleule wa asilimia 9 kwa mizunguko ileile 60 unakudai kama wati 240. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma kama mwenzako, ni kama 205, mwendo kilomita 8 kwa saa. Kwa hiyo mwenzako mpenda historia atakuacha, usishangae.

Sasa jinsi ya kubadilisha, na hapa kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kudhani utanunua gia ya mbele ya meno 34 uifunge kwenye krenki yako (ile mikono inayoshika pedeli). Krenki nyingi za 53/39 matundu ya bolti yako kwenye duara la milimita 130, na duara hilo halipokei gia iliyo chini ya meno 38. Ile ya 34 inataka duara la 110. Yaani unabadilisha krenki nzima, na hapo gharama inapanda.

Njia ya bei nafuu ni kubadilisha gia za nyuma. Lakini angalia ule mkono unaohamisha cheni huko nyuma, upande wa ndani kuna herufi. Kama ni Shimano na imeandikwa SS, ni mkono mfupi, na ile ya zamani ya spidi 10 inaishia meno 28 au 30. Ikiandikwa GS ni mkono mrefu, nyingi zinapokea 32. Piga pia hesabu ya uwezo wake: tofauti ya gia za mbele (53 toa 39 ni 14) jumlisha tofauti ya gia za nyuma (32 toa 11 ni 21), unapata 35. Mkono wako lazima uwe na uwezo usiopungua hapo.

Mtego wa pili ni cheni. Ukifunga 11-32 ukaacha cheni iliyokatwa kwa ajili ya 11-25, siku utakayosahau na kuweka kubwa mbele na kubwa nyuma, cheni itakazika, itauvuta mkono mbele na kuvunja kile kipande cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu. Pima hivi: zungusha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono, ivute ikaze, kisha ongeza pini 2. Hapo ndipo pa kukata. Ukimaliza kufunga, kuna skrubu ndogo nyuma ya mkono, pale unapoungana na fremu. Weka cheni kwenye gia kubwa kabisa ya nyuma, kaza skrubu hiyo taratibu mpaka kigurudumu cha juu cha mkono kiwe mbali na meno ya ile 32 kwa milimita 5 au 6. Kikigusa utasikia mkwaruzo kila unapopanda, na watu wanalaumu cheni bure.

Fanya haya wiki 2 kabla, usifanye Mombo.

Fundi_Spoku

Mkuu KonaKali amemaliza gia. Mimi niseme ya tairi, na nitakuwa mkali kidogo: tairi 25 mwisho wake ni lami. Usizipeleke Mtae.

Mombo hadi Lushoto ni lami. Hapo 25 inakutosha, japo 28 ingekupumzisha. Kwa kilo zako weka upepo psi 95 nyuma na 85 mbele. Ukijaza 120 kama wanavyofanya wengine baiskeli inaruka kila kwenye kiraka cha lami, na ukiwa unateremka, tairi iliyo hewani haina breki.

Kupita Magamba unaingia kwenye barabara za udongo, mwekundu na laini kama unga ukiwa mkavu, na mawe yaliyochomoza. Tairi nyembamba ikigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu. Ukiitoa utaona matundu mawili sambamba, kama ameng'ata nyoka. Ukiona matundu hayo usitafute mwiba ndani ya tairi, hakuna. Ziba yote mawili, maana kila mtu anaziba moja, anajaza, na baada ya mita 200 anarudi kukaa chini.

Na ikinyesha, hata mwezi wa saba manyunyu yapo milimani, udongo ule unashika kama ugali uliokosa maji. Unajaa kati ya tairi na tao la breki mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Breki za kubana rimu kama zako hazina nafasi ya kupitisha tope. Mtu akilazimisha pedeli hapo ndipo mkono wa gia unapong'oka. Ukiona gurudumu linakuwa zito, shuka, kwangua kwa kijiti, sukuma.

Mwenzako afunge 38, psi 45 nyuma na 40 mbele, anaweza kwenda. Wewe ama ukodishe baiskeli ya milimani ukifika Lushoto, ama siku ya pili ubadilishe mpango.

Sasa vipuri, na hili wageni wengi hawalijui. Usitegemee kununua tyubu wala tairi yako njiani. Baiskeli nyingi za huko, zile za Phoenix na ndugu zake, zina gurudumu la 28 x 1½, ambalo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Yako ya 700 ni 622. Kwa macho zinafanana, na muuza duka atakuapia kwamba ni saizi moja, lakini tairi yake itakaa imelegea kwenye rimu yako na itatoka. Za milimani za inchi 26 ni 559, hazikuhusu kabisa. Tyubu nayo ina valvu nene. Tundu la rimu yako huenda limetobolewa milimita 6.5 kwa valvu nyembamba, na ile nene inataka 8.5. Usikubali mtu akutoboe rimu ya mbio kwa msumari wa moto.

Kwa hiyo kila mmoja abebe tyubu 3 za saizi yake, viraka 8 na solusheni mpya (ile iliyofunguliwa mwaka jana imeshakauka, bonyeza uone), vijiti 2 vya kutolea tairi, pampu ndogo, na kile kichwa kidogo cha shaba cha kuvalisha valvu nyembamba ili pampu yoyote ya fundi wa kijijini ikubali. Ongeza kiungo cha cheni cha spidi 10, kifaa cha kukatia cheni, funguo za allen 4, 5 na 6, spoku 2 za urefu wako zilizobandikwa kwenye fremu kwa utepe, na kile kipande cha alumini cha kushikilia mkono wa gia. Hicho cha mwisho kila fremu ina chake. Kikivunjika Lukozi huna mbadala wa kuazima.

Beba pia kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole. Tairi ikipasuka ubavuni unakiweka ndani, kati ya tairi na tyubu, unajaza nusu na kurudi taratibu.

Mombo kwenyewe, kabla hujaanza kupanda, pitisha kidole (si kwa pupa) juu ya tairi zote. Huko chini ni nchi ya migunga, miiba yake inapenya polepole, na kando ya barabara kuu kuna nyaya nyembamba zinazotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Waya huo unaingia kama sindano na hauonekani mpaka ukunje tairi.

Shambalai

Nimjibu mwenzako mpenda mambo ya kale. Awali ya yote ajue kwamba Vuga si Kilwa. Asitegemee magofu. Mji ule ulijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo havingoji watalii. Anachokwenda kuona ni mahali penyewe: kwa nini mfalme alikaa pale juu, na kwa nini baadaye nguvu zikashuka bondeni.

Vuga ilikuwa makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Masimulizi yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyetokea Nguu, aliyewaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya Wasambaa na kuwagawia watu nyama mpaka wakamfanya mfalme. Mzawa wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, ndiye aliyeufikisha utawala kwenye kilele, na mmisionari Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848. Kimweri alifariki 1862, na baada yake ndugu wakagombana. Mwanawe Semboja hakung'ang'ania mlima. Alikaa Mazinde, chini kwenye tambarare, palipopita misafara ya biashara na bunduki.

Sasa hapa baiskeli inakuwa na maana. Ukisimama Irente jioni ya siku ya kwanza, Mazinde iko chini ya miguu yako, na nyika imetandaa mpaka macho yanachoka. Halafu ukienda Vuga siku ya tatu utaona upande wa pili wa hadithi. Miguu iliyotoka kupanda kutoka Mombo inaelewa haraka kwa nini jeshi la adui lilikuwa linafikiri mara mbili, na kwa nini mfanyabiashara wa pembe za ndovu hakutaka kupanda huko.

Wajerumani nao walifuata mantiki ya reli. Njia ya reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na Mombo ikawa mlango wa kupandia Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal. Majengo kadhaa ya enzi hizo bado yanatumika mjini na kwenye misheni. Mkipita upande wa Shume, mwambie hivi: Wajerumani walipaita Neu-Hornow, na mbao za msitu ule zilikuwa zinashushwa kwa kamba ya chuma iliyoning'inia hewani, kutoka juu mlimani hadi Mkumbara kwenye reli. Ukitazama ukingo ule wa mlima utajiuliza nani alipanda kufunga ile kamba.

Kiutendaji: Vuga unaingilia Soni, upande wa kwenda Bumbuli. Msiifanye siku ya kuteremka mkiwa na mabegi yote na basi la kukimbilia. Bora siku ya pili mtoke Lushoto bila mizigo, mshuke Soni kilomita 15, mwende Vuga na kurudi, kisha mpande tena Lushoto. Kwa mwenye tairi 25, ulizia Soni hali ya njia siku hiyohiyo. Mwenye bodaboda atakwambia kweli kuliko ramani ya simu. Kukiwa na utelezi, acha baiskeli Soni upande bodaboda. Historia haijali umefikaje.

Mlalo pia inafaa, kilomita 30 na kitu kutoka Lushoto, yenye zile nyumba za matofali ya udongo za ghorofa moja na baraza za mbao zilizochongwa. Wamisionari wa Bethel walifungua kituo chao huko mwaka 1891. Lakini hiyo ni ya tairi pana.

MkanyagaPedeli

Nawashukuru sana wakuu. Nimekagua mkono wa gia, umeandikwa GS, kwa hiyo naagiza 11-32 na cheni mpya. Mtae nimeanza kuitilia shaka.

Hakuna aliyegusia kuteremka. Breki zangu raba zimebaki nusu, na mwenzangu anasema diski zake za waya "zinashika tu". Kuna la kuhofia?

KonaKali

Lipo, tena kuliko kupanda. Kupanda ukichoka unasimama.

Fikiria hivi: kilo 94 zikishuka mita 1,000 zinaachia nishati inayotosha kuchemsha karibu lita 3 za maji. Sehemu inachukuliwa na upepo unaokupiga kifuani, na kiasi chote unachokizuia kwa breki kinakuwa joto kwenye rimu zako au kwenye diski ya mwenzako. Ukibana breki kidogokidogo muda wote, kama wanavyofanya waoga, joto halipati nafasi ya kutoka. Raba inalainika na kuteleza, tyubu inapata moto, na diski ndogo inageuka rangi ya buluu huku breki ikipoteza nguvu. (Mwenye rimu za kaboni asithubutu kabisa kubana hivyo, zinaweza kupasuka ukingo.)

Unachotakiwa kufanya ni kuachia baiskeli kwenye kipande kilichonyooka, kukaa wima upepo ukuzuie, kisha kubana kwa nguvu breki zote mbili kwa sekunde 2 au 3 kabla ya kona, na kuachia. Kona uiingie ukiwa umeshapunguza mwendo, pedeli ya upande wa nje iko chini na uzito wako juu yake, macho yanatazama pale kona inapoishia. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu huku umelala kwenye kona penye mchanga, unaanguka kabla hujajua.

Raba zako badilisha zote 4. Kisha zitoe zile za zamani uzitazame usoni kwenye mwanga. Utaona vichembe vinavyong'aa vimezama kwenye raba. Hivyo ni vipande vya alumini ya rimu yako mwenyewe, na ndivyo vinavyopiga ule mlio wa kukwaruza na kula rimu. Kwenye raba mpya vikianza kuingia, vitoe kwa ncha ya kisu na uisugue raba kidogo kwa msasa. Angalia pia rimu: kuna kidoa au mfereji mwembamba kwenye ukuta wake, ukitoweka rimu imekwisha. Na waya wa breki uchungulie pale unapoingia kwenye mkono wa usukani. Ukiona uzi mmoja umekatika na kuchomoza kama ndevu, badilisha waya mzima.

Mwenzako: diski za waya hazijirekebishi. Kadiri pedi zinavyolika, mkono wa breki unakwenda karibu na usukani. Akifika Soni asimame, azungushe kile kirekebishi cha waya nusu mzunguko au moja, ajaribu. Pedi zikiwa chini ya milimita 1 bila kuhesabu bati lake, asiteremke nazo.

Halafu magari. Usikate kona hata mara moja, hata kama unaona peupe. Basi au Coaster inayopanda ikifika kwenye kona kali, pua yake inakula upande wako kabla mkia haujageuka. Kaa kushoto, lakini acha kama mita moja kutoka kwenye mtaro ili uwe na pa kukimbilia. Dereva akipiga honi kabla ya kona ana maana yake, punguza. Wa kuogopa ni bodaboda, wengine wanashuka wamezima injini kubana mafuta, huwasikii. Na mawe madogo yanaporomoka kutoka kwenye ukuta wa mlima, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku.

BintiKorogwe

Naomba nipingane kidogo na kaka Fundi_Spoku. Kusema mwenye 38 "anaweza kwenda" Mtae ni kweli kwa baiskeli, lakini kwa ratiba yao si kweli. Lushoto–Mtae ni zaidi ya kilomita 50 kwenda tu, vumbi na milima. Kwenda na kurudi inavuka 100. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao kwenye udongo ni mzuri, hiyo ni zaidi ya saa 8 za kukanyaga bila kuhesabu pancha, chai na picha. Mwezi wa saba giza linaingia kabla ya saa 1 jioni, na Magamba asubuhi ukungu unaweza kukufanya usione gari mpaka likufikie. Mtae ni ya kulala hukohuko, au ya safari nyingine.

Kuhusu siku ya kwanza: ondokeni Mombo saa 12 na nusu asubuhi, mwanga ukianza tu. Mombo ni joto, hata kipupwe, na sehemu ngumu ndiyo ya chini. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa mtafika Soni kabla ya saa 3, jua halijakomaa. Mkitoka saa 3 mtapanda kilomita zilezile mkichomwa mgongoni na huku malori ya mboga na mabasi yanapishana nanyi.

Maji: chupa 2 za mililita 750 kila mtu, moja iwe na chumvi kidogo na sukari au pakiti ya ORS. Nusu lita hadi robo tatu kwa saa mpaka Soni. Msisubiri kiu. Kula tangu nusu saa ya kwanza, ndizi mbivu 2 kwa saa zinatosha kama gramu 50 za wanga, na kashata mfukoni kwa dharura. Maporomoko ya Soni mnayaona kutoka barabarani. Soni mnywe chai, mjaze chupa, mpake mafuta cheni kama imepiga kelele.

Nguo: Mombo mtatoa jasho kama mko jikoni, Lushoto usiku mtatafuta sweta. Koti jepesi la upepo na glavu ni kwa ajili ya kuteremka, maana vidole vikifa ganzi havibani breki.

Na kwenye basi, kabla ya kuingiza baiskeli butini, toa gurudumu la mbele, weka kipande cha mbao kati ya miguu ya uma ili isibonyee, hamisha cheni kwenye gia kubwa ya nyuma ili mkono uingie ndani, na ilaze upande wa gia ukiwa juu. Kaa hapohapo mpaka utingo amalize kupanga mizigo. Magunia huwa yanakuja mwisho.

Fundi_Spoku

Dada BintiKorogwe, nimekubali. Nilijibu swali la tairi, sikupiga hesabu ya saa.

MkanyagaPedeli

Basi mpango umebadilika. Siku ya kwanza Mombo–Lushoto, mapumziko, jioni Irente. Siku ya pili Soni na Vuga bila mizigo, mimi na tairi zangu nyembamba nikiulizia njia Soni. Siku ya tatu asubuhi Magamba na kurudi, kama kilomita 7 kila upande, kisha mchana kuteremka. Mtae tunaiwekea mwaka mwingine na tairi nyingine.

Swali la mwisho: kuteremka tuanze saa ngapi? Basi tunalipandia Mombo jioni.

KonaKali

Saa 6 mchana muwe mmeshaanza. Ukungu umeondoka, lami imekauka, na mabasi mengi ya asubuhi yameshapita. Saa moja na nusu inatosha hadi Mombo, na Soni msimame dakika 10 rimu na diski zipoe. Hapo gusa rimu kwa nyuma ya mkono, taratibu. Kama huwezi kuacha mkono kwa sekunde 3, bado unabana mno, badilisha mtindo kabla ya kuanza zile 18 za mwisho.

BintiKorogwe

Diski ya mwenzako asiiguse.